Kisanduku cha Mlango Wazi

Wateja wote walikuwa na lalamiko moja, na lalamiko lenyewe lilikuwa la kweli. Kisanduku kilikuwa kizuri, hilo hakuna aliyebisha. Plaiwudi yake ilikuwa laini, pembe zimekutana bila kuacha nafasi ya kupitisha hata ukucha, ndani kuna vikulabu vya kutundikia funguo, na juu ya kifuniko kuna nyumba ndogo iliyochomwa kwa leza: bati lake, dirisha lake, ngazi yake moja ya mbele. Tatizo lilikuwa mlango. Mlango wa ile nyumba haukufungwa. Uliachwa wazi kidogo, kiasi cha mtu mwembamba kupenya ubavuubavu, na nyuma yake giza.

"Dada yangu, hiki kitu kazi yake kutunza funguo," alisema siku moja mama mwenye duka la mapazia. "Sasa unanichorea nyumba ya mlango wazi, si ndiyo kuwaita wezi huko?"

"Wezi hawana muda wa kuangalia picha, mama," alijibu Kitinda, huku akimfungia mzigo wake na kumwongezea kishikio cha funguo cha bure. Mteja akacheka, akalipa, akaenda zake. Ndivyo walivyokuwa wote, wanalalamika na wanarudi kununua.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na likamganda mpaka wateja nao wakalichukua. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, chumba ambacho zamani kilikuwa sebule. Juu ya meza iliyokuwa ya kulia chakula ilikaa mashine ya leza, kubwa kama sanduku la nguo, yenye kifuniko cha kioo cheusi na bomba la kutolea moshi dirishani. Kando yake palikuwa na printa ya 3D iliyotengeneza vishikio na vikulabu kwa kuviringisha uzi wa plastiki tabaka juu ya tabaka, taratibu mno, hata wakaiita Kobe. Chumba chote kilinuka mbao zilizoungua, na nywele za Kitinda pia, na mto wake wa kulalia.

Biashara ilikwenda vizuri. Tena vizuri sana, tusifiche. Vile visanduku vilipakiwa kwenye mabasi vikaenda miji ambayo Kitinda hakuwahi kuiona, vikatundikwa kando ya milango ya watu asiowajua. Aliwaajiri majirani wawili wa kugundisha. Alibadilisha bati la nyumba nzima. Na alikuwa na Meneja.

Huyu Meneja alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyekuja kusaidia kupeleka mizigo stendi kwa wiki moja tu, akajipandisha cheo mwenyewe na asishuke tena. Lakini kazi alifanya, haki yake apewe. Maduka mengi aliyatafuta yeye kwa miguu yake na mdomo wake. Kilichomkera ni ule mlango.

"Faili liko kwenye kompyuta yako," alimwambia Kitinda kwa mara isiyojulikana ya ngapi. "Mstari mmoja! Unauvuta, unabonyeza, umefunga. Watu wanatucheka, wanasema hawa hata kuchora mlango hawajui."

"Nikipata nafasi."

"Nafasi gani? Mambo ya kukarabati choo ulipata nafasi."

"Nitaufunga, bwana. Niache nifanye kazi."

Hakuufunga. Na hakuwa na nia ya kuufunga, maana ule mlango haukuwa kosa. Ulikuwa ndicho kitu pekee cha dada yake alichobaki nacho.

Picha ile aliichora Dada. Zamani, mama yao alipokuwa hai, nyumba ile ilikuwa na sheria moja ya jioni: mlango haufungwi mpaka viatu vitimie. Kila aliyeingia aliviacha viatu vyake kwenye ngazi ya nje. Ikifika saa ya kufunga, mama hakuita majina wala hakuchungulia vyumbani. Alisimama mlangoni, akatupa jicho kwenye ngazi, akaona vya baba, vya Dada, vya Kitinda, vya kwake. Kama pea moja imekosekana, mlango unabaki wazi na yeye anabaki pale pale akisuka au akichambua mchele, hata kama baba analalamika mbu. Vikitimia anasema, "Vimetimia," ndipo komeo linapita. Alipofariki, sheria akairithi baba.

Baba alikuwa fundi seremala, hakuwa na mtoto wa kiume, na hakuna siku aliyosikika akilisikitikia hilo. Aliwafundisha binti zake wote wawili kushika randa na msumeno. Kitinda akaishia kupenda mashine, akaweka akiba mpaka akainunua ile leza, na baba alipoiona ikifanya kazi mara ya kwanza alikunja mikono kifuani. "Enzi zetu," alisema, "fundi akiunguza mbao alifukuzwa kazi." Lakini kesho yake aliamka mapema kuja kuitazama tena. Dada yeye alikuwa na mkono wa kuchora. Alikaa na penseli yake, akachora nyumba yao wenyewe kwa ajili ya kisanduku cha kwanza, na Kitinda aliporudi kutoka sokoni akaikuta karatasi mezani.

"Mbona hujafunga mlango?" aliuliza.

"Nitafungaje na wewe ulikuwa bado hujarudi?" alisema Dada.

Wakacheka. Wakaiingiza ile picha kwenye kompyuta hivyo hivyo.

Kisha akaja mchora mabango, kijana mpole mwenye rangi kwenye kucha, aliyeitwa kuandika tangazo la karakana juu ya mlango. Aliandika siku tatu kazi ya nusu siku, na mwenye macho haambiwi tazama. Baba akamkataa. "Mtu wa kuandika majina ya wenzake ukutani, la kwake liko wapi?" alisema, na alipokwisha kulisema hakulirudisha. Dada alikuwa na kichwa kama cha baba, na vichwa vya aina hiyo viwili havikai chini ya bati moja. Alasiri moja alivaa viatu vyake, akachukua mkoba, akaondoka na mchora mabango wake bila kuaga.

Jioni ile baba alisimama mlangoni. Kwenye ngazi palikuwa na pea mbili, yake na ya Kitinda. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko pea mbili zinavyohitaji kutazamwa.

"Vimetimia," alisema. "Funga."

Na Kitinda akafunga. Alilisukuma lile komeo kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwahi kuusamehe ule mkono.

Jina la Dada halikutajwa tena. Mara moja tu Kitinda alijaribu kuuliza patasi zake ziwekwe wapi, baba akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo," akatoka nje. Namba ya simu ya Dada iliita bila kupokelewa, baadaye ikaacha kuita, na baadaye tena ikapokelewa na mtu wa kuuza vifaranga ambaye alitaka sana kujua anahitaji vifaranga wangapi.

Basi Kitinda alimkosa dada yake hivyo, kila siku iendayo kwa Mungu, huku mikono ikifanya kazi. Alimkosa asubuhi anapoondoa karatasi ya kuzuia masizi na picha inajitokeza safi. Alimkosa zaidi biashara ilipochanganya, kwa sababu furaha isiyo na wa kumwambia inakaa kifuani kama tonge kavu. Majirani walimsifu, Meneja alimsifu, na yeye alitaka sifa ya mtu mmoja tu, aseme kwa ile sauti yake ya kejeli, "Kumbe Kitinda una akili."

Ndiyo maana hakuugusa mlango. Kila kisanduku kilichopakiwa basi alikisindikiza kwa macho. Moyoni alijisemea kwamba kuna siku, katika mji fulani, Dada ataingia dukani kununua sabuni au sindano, atainua uso, ataiona nyumba yao ukutani na mlango bado uko wazi. Ataelewa. Hilo lilikuwa tumaini lake lote, na kwa kuwa lilikuwa dogo na la kijinga, hakumwambia mtu.

*

Meneja alirudi safari siku moja akiwa amefura. Hakusalimia. Alitoa kitu kwenye mfuko, akakibwaga mezani mbele ya Kitinda na baba.

Kilikuwa kisanduku chao. Halafu ukitazama tena, hakikuwa chao.

"Nimekikuta kwenye duka la zawadi, mji wa pili kutoka hapa," alisema Meneja. "Vimepangwa rafu nzima! Nyumba ile ile, dirisha lile lile. Mtu kanunua kimoja cha kwetu, kakipiga picha, kaichora upya kwenye kompyuta, sasa anachonga na kuuza. Na mwizi mwenyewe mjinga, kaiba mpaka kasoro! Oneni mlango. Kauacha wazi kama sisi."

"Nani anawaletea?" aliuliza Kitinda.

"Mwenye duka ananificha. Anasema ni mwanamke tu, hana maneno mengi, anashusha mzigo siku ya soko na kuondoka. Sawa. Za mwizi arobaini. Siku ya soko ijayo nakwenda na mgambo, tunamkamata yeye na mzigo wake, na mashine atatuonyesha iliko." Alimgeukia Kitinda, akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Na wewe leo unaufunga huo mlango. Leo leo. Cha mlango uliofungwa ni chetu, cha mlango wazi ni cha wizi. Mteja ajue tofauti. Au bado hujapata nafasi?"

Kwa mara ya kwanza binamu yake alikuwa na hoja isiyo na tundu. Biashara ni biashara, majirani wawili walikula kwa ile kazi, na yeye hangeweza kumwambia mtu mzima na akili zake, tafadhali tuache tuibiwe kwa sababu ya picha.

"Kesho," alisema.

"Kesho asubuhi," alisema Meneja. "Na tazama jinsi kazi yake ilivyo chafu. Leza yake imeacha madoa hapa kwenye ngazi." Akaenda kuoga.

Baba aliendelea na msasa wake kwenye kona yake, pale alipokaa kila siku tangu magoti yalipomkatalia kazi ya kusimama. Vifuniko vyote vilipita kwake kabla ya kupakwa vanishi. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, lakini kovu la baba lilifunikwa vizuri kiasi kwamba Kitinda alikwisha kuamini halipo.

Kitinda alikivuta kile kisanduku karibu. Wazo lilikuwa limeanza kumjia, akalikanya. Mwanamke! Wanawake wenye mashine ni wengi siku hizi. Anayenakili hunakili kila kitu, mpaka kosa, na mlango wazi hauna ushahidi wowote. Alichukua kitambaa chenye spiriti, akasugua yale madoa kwenye ngazi, kwa hasira kidogo, kama mtu anayemsafisha mtoto wa jirani pua.

Madoa hayakutoka.

Masizi hutoka kwa spiriti. Kisichotoka kimechorwa. Kitinda akanyanyuka, akachukua kioo cha kukuzia ambacho baba alikitumia kunolea meno ya msumeno, akakiinamia kile kifuniko.

Hayakuwa madoa. Vilikuwa viatu. Pea moja, vimewekwa kwenye ngazi, ncha zimeelekea mlangoni, kama mtu alivyoviacha akaingia. Vilikuwa vidogo sana, hata kwa nyumba ndogo kama ile. Ukivilinganisha na mlango, mwenye kuvivaa asingekifikia kitasa.

Alikaa na kioo mkononi, akasikia machozi yakija, na hakuyazuia. Halafu hofu ikaingia pale pale penye furaha. Huenda ni pambo tu! Watu huchora viatu, huchora maua, huchora paka. Akili iliyotamani jambo kwa miaka mingi huliona hata pasipokuwepo, na yeye alijijua.

"Lete hapa," alisema baba.

Kitinda alishtuka. Akafuta uso kwa kiwiko, akampelekea. Baba hakutazama kifuniko. Alikifungua, akaingiza kidole chake kidogo ndani, akakipitisha polepole kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia. Kidole kikasimama.

"Nani kapiga msasa hiki?" aliuliza.

"Si sisi, Baba. Ni huyo—"

"Nimekuuliza nani kapiga msasa."

Kitinda akaingiza chake. Pembe za ndani zilikuwa zimevunjwa makali, laini, mviringo mdogo usioonekana kwa macho. Hakuna fundi wa visanduku anayehangaika na pembe za ndani. Hata majirani wawili waliziruka mpaka waambiwe. Lakini baba aliwafundisha binti zake kukunja msasa kwenye kidole kidogo na kuzungusha kule ndani mwisho wa kazi yote, kwa sababu, alisema, mteja hataona lakini kidole chake kitajua. Wanafunzi wa namna hiyo alikuwa nao wawili tu duniani.

Mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

"Kuna kitu kwenye ngazi," alisema Kitinda. Akampa kioo.

Baba aliinama. Kobe ikamaliza kishikio chake na kutulia.

"Ni viatu," alisema baba.

"Ndiyo. Vya mtoto."

"Wa kike au wa kiume?"

"Vina kikanda hapa juu ya mguu. Umeona?"

"Basi wa kike," alisema baba, na mdomo wake ukaanza kumcheza, mzee yule ambaye hakulia hata makaburini. Akakigeuza kisanduku, akakigeuza tena. "Ana viatu vyake tayari. Anatembea."

Kitinda akapiga magoti pale kwenye vumbi la msasa. Akaona asiposema leo hatasema tena. "Baba, ule mlango sikuusahau. Nimeuacha makusudi. Miaka yote hii nimeuacha makusudi ili aone."

"Najua."

"Unajua?"

"Vifuniko vyote vinapita mikononi mwangu, Kitinda. Unadhani napiga msasa nimefumba macho?" Alichukua kimoja kutoka kwenye rundo lake, akamwonyesha kwa kidole. "Ukipitisha msasa hapa, mstari unafifia, mlango unaonekana umefungwa. Nikifika hapa naruka. Sijawahi kupitisha, hata kwa kimoja."

Kitinda aliutazama ule mlango. Kweli, kuuzunguka mbao zilikuwa na mkwaruzo kidogo, kiduara kidogo ambacho msasa haukukigusa. Yeye mwenyewe alikuwa amekiona mara nyingi akadhani ni uzee wa baba, ni macho yake.

"Mimi ndiye niliyelifunga komeo," alisema.

"Mkono wako, neno langu," alisema baba. "Na neno nililijua ni la uongo nikingali nalitamka. Nilihesabu mbili nikasema zimetimia."

*

Asubuhi Meneja alikuta mlango wa kwenye picha haujafungwa, na mjomba wake amekaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Mjomba, mgambo nimeshaongea nao."

"Kaongee nao tena, waambie wapumzike."

"Mjomba! Huyu ni mwizi!"

"Mwizi huyu nimemfundisha mimi," alisema baba.

Meneja akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mjinga, alikuwa na kelele tu, na ni vitu viwili tofauti. Akaketi kwenye rundo la plaiwudi. "Dada?" aliuliza taratibu, na ikawa yeye ndiye wa kwanza kulitaja neno lile mle ndani baada ya miaka yote.

"Nenda naye basi," Kitinda alimwambia baba. "Nenda na Meneja siku ya soko. Mkamkute pale."

Baba akatikisa kichwa. "Nikamvizie dukani kama mdai? Mtu niliyemfungia mlango simfuati sokoni. Atakimbia, na atakuwa na haki. Namwonyesha mlango uko wazi, halafu miguu ni yake." Alisogeza kiti. "Chora."

Walitengeneza kisanduku kimoja. Kitinda aliweka viatu kwenye ngazi: vya baba, vile vya ngozi vilivyokanyagwa visigino, na vya kwake. Baba akasema viweke upande mmoja, visonge, acha nafasi. Akavisogeza. "Zaidi," alisema baba. "Watu watatu, na mmoja wao ana mguu mkubwa, nilimwona." Kitinda akacheka huku anafuta machozi, maana huyo mwenye mguu mkubwa ndiye mchora mabango, na hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake, asingepata nyingine. Leza ikapita na mwanga wake wa buluu. Baba akapiga msasa mwenyewe, akauruka mlango, na mwisho akakunja kipande kwenye kidole kidogo akazunguka pembe zote nne za ndani.

"Nilipanga niende na mgambo," alinung'unika Meneja akikifunga kwenye gazeti, "sasa nakwenda na zawadi. Biashara hii mtaniua nayo." Lakini alikibeba kwenye mapaja njia nzima, hakukiweka juu ya basi na mizigo mingine.

Alikiacha kwa mwenye duka kama alivyoagizwa, akaondoka kabla ya saa ya kushusha mizigo, na ilimuuma kuondoka. Safari iliyofuata alirudi na habari, akaisimulia amesimama, kofia mkononi.

"Kakipokea. Mwenye duka anasema alikitazama kifuniko. Kisha akakifungua, akaingiza kidole ndani, hiki kidogo, akakizungusha. Akauliza, 'Nani kapiga msasa hiki?'"

"Akajibiwa nini?" alisema baba.

"Mwenye duka angejua nini, mjomba? Kamwambia hajui. Basi akakifunga kwenye kanga aliyokuwa kajitanda, akaondoka. Hata malipo ya mzigo wake hakungoja."

Hapo habari ikaishia. Kitinda alimuuliza mara tatu, Meneja akarudia yale yale mara tatu, na mara ya tatu akaiga hata kile kidole. Hakukuwa na zaidi. Kazi ikaendelea, mabasi yakaja na kuondoka. Nyakati nyingine miguu ya mtu ilipita nje na Kitinda akainua uso, na mikono ya baba ikasimama juu ya mbao, halafu miguu ikapita ikaenda kwa wenyewe.

Jioni moja ya zile jioni, Kitinda alizima leza, akaifunika Kobe na kitambaa chake, akafagia vumbi. Majirani walikwisha kwenda. Mbu walianza kuingia. Akaenda mlangoni kama kawaida, akatupa jicho kwenye ngazi kama kawaida. Viatu vya baba, viatu vyake. Vilikuwa vimesongwa upande mmoja. Yeye hakuvisogeza.

Akashika komeo.

"Acha," alisema baba kutoka kwenye kona yake. Alikuwa amekivuta kiti kikaelekea mlangoni, na mapajani ana sinia la mchele na anauchambua, vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi ile. "Bado havijatimia."